Vipande vya watu, kazi mpya: nani alishona?



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya kitu kilicho ndani ya telefone karibu kila lupangu katika miji yetu ya shaba. Mtoto anachukua wimbo wa mtu, anaukata. Anachukua picha za mtu mwingine, anazibandika juu ya wimbo ule. Mwenzake anachukua karte ya mji na kuweka alama zake mwenyewe juu yake. Vipande vya watu mbalimbali vinakuwa kitu kimoja kipya, na kesho yake kitu kile kiko Likasi, kiko Kolwezi, kiko mpaka Ulaya.

Waingereza wanakiita mashapu, maana yake kitu kilichopondwa pamoja. Mama wa Katanga hawezi kushangaa kwa neno hilo. Yeye anaponda sombe kila juma: majani, vitunguu, mawese ao karanga, na samaki kidogo kama makuta yanatosha. Kinu ni kimoja, vitu ni vingi, na chakula kinachotoka si majani tena, si samaki tena. Ni sombe.

Wazazi wananiuliza: "Mwalimu, ile mambo batoto banafanya ku telefone, ni kazi ao ni wizi?" Mimi ninawajibu kwa mfano wa sombe hiyo hiyo. Mama mwenye kuponda, ukimwuliza, atakuambia bila kusitasita: majani yametoka shamba la nani, samaki amenunuliwa wapi, mawese ni ya nani. Mwenye kushindwa kujibu, chakula chake tunakiogopa. Basi nyimbo na picha na karte ni vile vile.

Sisi ni watu wa kuchanganya tangu zamani

Tusiseme haraka kwamba jambo hili limeletwa na telefone. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na kwa kuwa watu wa hapa hawakutosha kwa kazi, iliwatafuta wengine mbali: Kasai, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya mpaka, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Watu wale walikutana kampini, nyumba kwa nyumba, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Kiswahili chetu kilikomaa pale. Mwenye asili ya pwani akikisikia anacheka, kwa sababu ndani yake kuna Kiluba, kuna Kibemba, kuna Kifaransa. Lakini ndicho tunacholilia watoto wetu na ndicho tunachozikia wazee wetu.

Muziki nao ni hivyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mzungu aliyezunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimkuta Jean Bosco Mwenda pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana yule alikuwa akipiga gitaa, chombo kilichotoka mbali, kwa kidole gumba na kile cha pili, akiimba kwa Kiswahili chetu. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri dunia nzima. Na jina lake lilisafiri pamoja nao. Shikeni neno hilo, tutalirudilia.

Kumbukeni pia Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa Kamina katika miaka ya 1950 na kundi la kuimba la watoto 45 na walimu 15. Walichukua maneno ya Misa ya Kilatini wakayaimba kwa namna za kwetu. Kyrie ilifuata kasala, namna ya Waluba ya kuomboleza na kusifu. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Mwaka 1958 waliuimba Ulaya, na disiki ikatoka. Miaka kumi baadaye Sanctus ile ilisikika ndani ya filme ya Kiingereza "if....", ya Lindsay Anderson. Kilatini cha Roma na kilio cha Mluba katika kinu kimoja! Na aliyeinunua disiki aliweza kujua nyimbo zile zina asili gani.

Picha mbili katika moja

Mfano wa tatu ni wa mtoto wa Lubumbashi. Sammy Baloji alizaliwa mwaka 1978. Alizipata foto za zamani, nyeupe na nyeusi, za wakati wa Union Minière: wafanyakazi wamesimama mstari, wakubwa wa Kizungu na kofia zao. Kisha alikwenda na mashini yake kupiga foto za rangi katika viwanda vya Gécamines vilivyozeeka: mabati yaliyoliwa na kutu, majengo yasiyo na moshi, udongo mwekundu. Kwa ordinateri alikata watu wale wa zamani akawasimamisha ndani ya magofu ya leo. Kazi hiyo inaitwa "Mémoire". Ilionekana Bamako mwaka 2007 na New York mwaka 2010.

Msomaji, mimi mtoto wa kampi, nilipoziona picha zile nilikaa kimya muda mrefu. Baba yangu alikuwa mmoja wa watu kama wale. Hakuna aliyedanganywa. Kila mwenye macho anaona kwamba mtu yule ni wa juzi, na gofu lile ni la leo, na mkato uko wazi kati yao. Na ni mkato ule ndio unauliza: kazi yote ile ya wazee ilikwenda wapi? Foto ya zamani peke yake isingeuliza hivyo. Foto ya gofu peke yake isingeuliza pia.

Hiyo ndiyo faida ya kuunganisha vizuri. Vipande viwili vinasema neno ambalo hakuna hata kimoja kingeweza kulisema.

Karte inayosikia watu

Sasa tutoke kwenye picha, tuingie kwenye karte, maana hapo faida yake inaonekana hata kwa mtu asiyependa muziki.

Mwisho wa mwaka 2007, kisha uchaguzi, Kenya iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na watu hawakujua tena nini kinapita wapi. Mwanzoni mwa 2008 Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, aliomba wenye ufundi wasaidie, na kwa siku chache tu yeye na wenzake, akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walikuwa wameunganisha vitu viwili vilivyokuwa tayari: karte ya Google, na mesaji za watu wa kawaida. Mtu aliandika: hapa nyumba zinachomwa, hapa watu wamekimbilia kanisani. Wenye kazi walichunguza, kisha wakaweka alama pale pale kwenye karte. Waliiita Ushahidi. Neno letu la Kiswahili!

Ushahidi ilitolewa bure kwa kila mwenye kuitaka. Mwaka ule ule wa 2008 ilitumiwa kwa ajili ya vita vya mashariki ya Kongo. Na tetemeko la ardhi lilipoiangusha Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu walituma mesaji kwa Kikreoli kwenye namba 4636. Wahaiti walioishi mbali walizitafsiri, na wengine walizitia kwenye karte ili wasaidizi wajue waende njia gani.

Karibu nasi zaidi kuna IPIS, watafiti wa Antwerp huko Ubelgiji. Tangu 2009 wametoa karte za migodi ya wakrezeri mashariki ya inchi yetu: madini gani yanachimbwa, na kama wenye silaha wako pale ao hapana. Mwaka 2017 walihesabu baryeri 798 katika Kivu mbili, kule mtu anasimamishwa na kulipishwa. Kila dereva wa kamyo alizijua zake kumi ao ishirini. Lakini zilipowekwa zote juu ya karte moja, hakuna mkubwa aliyeweza kusema tena: "Ni mambo madogo ya hapa na pale."

Vijana wa kartier yetu waliiga mambo hayo kwa kipimo chao. Iko karte moja inaitwa OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Kila mtu anaweza kuijaza, ni bure. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mjini Nairobi, waliijaza njia na pompi na shule za kwao, maana kabla ya hapo mahali penye watu wengi vile palikuwa kama pori tupu kwenye karte. Vijana wetu walifanya hivyo juu ya maji. Waliweka alama kwa kila pompi: inayotoa maji, na iliyokauka, na saa gani maji yanakuja. Habari walizipata kwa mesaji za mama wenye bido za litri ishirini kichwani. Siku ya kwanza mama mmoja aliwaita kwa hasira: "Ile pompi munaandika iko muzima, ilikufa tangu Pasaka! Mulimuuliza nani?"

Walicheka, wakaenda kuangalia kwa miguu, wakasahihisha. Mimi ninasema mama yule alikuwa mtu wa lazima kuliko ordinateri yenyewe. Karte ya kuunganisha ina nguvu ikiwa mwenye kujua ukweli anaweza kuita na kusema hapana.

Sauti iliyouzwa bila mwenyewe

Tuje sasa upande wa giza.

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walitoa disiki kwa jina la Deep Forest, maana yake msitu mzito. Walichukua sauti za watu wa msituni wa Afrika ya kati, pamoja na nyingine za mbali, wakazitia juu ya ngoma za mashini. Wimbo uliopendwa sana uliitwa "Sweet Lullaby". Watu wengi walidhani sauti ile ni ya Mbilikimo wa kwetu. Kumbe ilikuwa ya mama mmoja, Afunakwa, wa Visiva vya Solomon, upande mwingine wa dunia. Mtafiti Hugo Zemp ndiye aliyemrekodi, karibu na mwaka 1970, akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto: mkubwa anamtuliza mdogo wake, wakati baba yao amekufa. Zemp aliandika baadaye kwamba yeye hakutoa ruhusa sauti ile itumiwe hivyo.

Disiki iliuzwa kwa mamilioni. Ilipita kwenye matangazo ya biashara. Kijana wa Marekani, Matt Harding, alijulikana dunia nzima kwa vidio ya 2006 akicheza dansi inchi kwa inchi juu ya wimbo ule ulioundwa upya. Baadaye aliuliza sauti ile ni ya nani, na akafunga safari mpaka Solomon kumtafuta mama yule. Alipofika aliambiwa: Afunakwa alikufa mwaka 1998.

Mimi sisemi wimbo ule ni mbaya. Unapendeza. Lakini fikirini, ninyi akina mama: wimbo wa yatima unafurahisha watu kwenye dansi, sauti yako inaleta feza kwa watu usiowajua, na jina lako haliko popote. Kisha wanasema wewe ni mtu wa msitu ambao hujapata kuuona. Linganisheni na Bosco wetu wa Jadotville, ambaye jina lake lilikwenda na gitaa lake. Kwa nini mmoja aitwe kwa jina, na mwingine awe sauti tu?

Matanga ya bure

Na iko hatari kubwa zaidi, hasa kwetu sisi watu wa migodi. Nisikilizeni vizuri.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, jioni, vidio ilifika kwenye matelefone ya kartier yetu. Ilionyesha mlima wa udongo ukianguka juu ya watu, na sauti ya mwanamume kwa Kiswahili chetu kabisa: "Angalieni bandugu, njo leo hii, ku shimo yetu, batu mingi bamekufa." Jirani yangu ana mtoto anayechimba kule. Mama yule alitupa sahani akakimbia barabarani. Telefone ya mtoto haikuitika. Saa moja ya usiku moto wa matanga ulikuwa umewashwa, viti vimetolewa nje, wanawake wameketi chini. Mtu alituma habari Kamina kwa ndugu za baba yake.

Nyanya mmoja aliomba aione tena ile vidio. Aliitazama mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini: "Banangu, hii mvua inatoka wapi?" Wote tukanyamaza. Tulikuwa katikati ya kipwa, tangu mwezi wa tano hatujaona hata tone moja, vumbi inaingia mpaka ndani ya sufuria. Na kwenye vidio watu walikuwa wamelowa, matope mpaka magotini. Kijana mmoja akatazama kofia na maandiko ya mashini: si ya kwetu, wala si herufi za kwetu. Mtu alichukua picha za inchi nyingine, akabandika sauti ya nyumbani juu yake.

Saa mbili na nusu mtoto alifika na kinga yake, anasukuma kwa miguu, mpira umepasuka, telefone haina moto. Akauliza: "Nani amekufa?" Mama yake alimpiga kofi kwanza, kisha akamkumbatia.

Lakini habari ya Kamina haikuweza kurudishwa. Mjomba alikuwa ameuza mbuzi wake wawili apate kupanda kamyo. Alifika siku ya tatu, na kitambaa cheusi kichwani, analia tangu mwanzo wa njia. Tulicheka siku ile, ndiyo. Mbuzi hawakurudi. Na mama yule, mpaka leo, telefone ikilia usiku mikono yake inatetemeka. Nani atamlipa? Mwenye kushona vidio ile hatukumjua kamwe.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Siku hizi uwongo unafika Kamina kabla ya mkweli kutengeneza mpira wa kinga.

Maulizo matatu ya nyumbani

Wazazi wengine, kisha mambo kama hayo, wananyang'anya telefone. Mimi sifuati njia hiyo. Mtoto mwenye kuunganisha vipande ana akili, na akili ile ndiyo ilizaa Missa Luba na karte ya pompi. Ninapendelea kumfundisha kuuliza maulizo matatu kabla ya kutuma.

La kwanza: kipande hiki kimetoka wapi, na mwaka gani? Kama hujui, usikitume kama habari. Tazama mvua, tazama herufi, tazama nguo, kama nyanya yule.

La pili: mwenyewe ni nani, na jina lake nimeliandika wapi? Mfano mzuri ni Kutiman, mwanamuziki wa Israeli. Mwaka 2009 alichukua vidio za watu wasiojulikana kwenye intaneti, huyu anapiga ngoma chumbani kwake, yule anafundisha gitaa, mwingine anaimba, akazishona mpaka zikawa nyimbo kamili. Kazi yake inaitwa "ThruYOU". Kwa kila wimbo aliandika vidio zote alizokatia, ili msikilizaji aende kumwona mwenyewe. Haikumpunguzia sifa hata kidogo. Na mjue kwamba kwetu pia mtunzi analindwa na sheria, ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kuandika jina peke yake hakutoshi kama unauza kazi. Hapo omba ruhusa.

La tatu: kama mwenye kipande hiki angekuwa ameketi hapa pamoja nasi, angesemaje? Afunakwa angesemaje? Na mama wa mkrezeri, akisikia sauti hii juu ya picha hii, atafanya nini usiku wa leo?

Kijana wangu wa nyumbani, aliye mfundi wa mambo haya, ananitania kwamba maulizo yangu yanamchelewesha dakika tano. Ninamwambia dakika tano ni bei ndogo kuliko mbuzi wawili. Juma lililopita alitengeneza vidio ya marehemu babu yake: foto ya kampi, sauti ya kwaya ya kartier, na karte ndogo inayoonyesha njia ya babu kutoka kijijini mpaka mgodini. Mwishoni aliandika majina ya waimbaji wote kumi na wanane, na jina la mpiga foto wa zamani, ambaye ilibidi alitafute kwa wazee watatu. Waimbaji walipoiona waliita mmoja baada ya mwingine. Hawakuongea juu ya rangi wala juu ya ufundi. Kila mmoja alisema: "Nimeona jina yangu."